Maswali ya Wasomaji: Sisimizi wawili wa Hamburg na baharia aliyewatunga

Mwezi huu meseji nyingi zimekuja juu ya mtu mmoja, kwaiyo nafasi yote nampa yeye. Zile za mapishi ya Ramadhani na ile ya paka wa Shangani zisubiri toleo lijalo, wenyewe mtanisamehe.

*Asalaam alaykum Maalim. Mie natembeza wageni huku Nungwi, Kijerumani nimejifunza hapa hapa ufukweni. Wiki iliopita nlikuwa na familia moja ya Leipzig, maji yametoka tukatembea kwa miguu mpaka Kendwa, yule baba akachoka akakaa mchangani akaanza kusema kishairi cha sisimizi wawili wa Hamburg, mke na watoto wote wakadakia wakakimaliza pamoja, hata yule mdogo wa miaka sita. Wakacheka sana. Nikauliza kakitunga nani, wakanambia Ringelnatz. Ndo nani huyo? Msomaji, Nungwi.*

Waalaykum salaam mwanangu. Umenifurahisha kwa kuuliza, mana wengi wanaotembeza wageni wakisikia kitu kama hicho wanacheka tu kwa heshima halafu wanaendelea na safari. Kishairi chenyewe ni mistari sita. Sisimizi wawili walikuwa wakikaa Hamburg, wakataka kwenda Australia, sasa walipofika Altona barabarani miguu ikawauma, basi kwa hekima yao wakaamua kuisamehe ile sehemu ya mwisho ya safari. Mambo yote yapo kwenye hio “sehemu ya mwisho”, kwa sababu Altona na Hamburg zimegusana, ni kama mtu katoka Darajani kafika Michenzani. Dunia nzima imebaki mbele yao wao wanaiita sehemu ya mwisho. Kilitoka kwenye kitabu chake cha mwaka 1912 na mpaka leo watoto wa Kijerumani wanakijua kwa moyo, ndo uliyoyaona Kendwa.

Jina lake la kuzaliwa ni Hans Gustav Bötticher, kazaliwa tarehe 7 Agosti 1883 katika mji mdogo wa Wurzen, karibu na hio Leipzig ya wageni wako. Babake alikuwa anachora mapambo ya karatasi za kubandika ukutani na yeye mwenyewe babake pia akiandika mashairi ya kuchekesha na vitabu vya watoto, kwaiyo mtoto kaukuta ucheshi nyumbani umekaa kwenye kiti chake. Skuli haikumuweza. Alikuwa mfupi, pua ndefu, watoto wenzake wakimcheka, na siku moja wakati wa mapumziko akatoka akaenda kwenye bustani ya wanyama ya Leipzig ambako walikuwa wameletwa wanawake wa Kisamoa waonyeshwe kwa watu (ndo ilivyokuwa Ulaya zama zile, binaadamu anawekwa mahali pa wanyama watu wanalipa kiingilio kumtazama, mie kila nikiisoma hio roho inaniuma), basi yeye hakwenda kutazama kama wengine, kaenda akakaa nao wakamchora tatuu mkononi, akarudi darasani anajisifu nayo. Wakamfukuza.

Mwaka 1901 akapanda meli ya matanga iitwayo Elli, yeye ni mtoto wa kazi tu melini, wakaenda mpaka Honduras ya Waingereza, siku hizi ndo Belize. Alipigwa, alitukanwa, ile pua yake ikawa mchezo wa mabaharia wote. Walipofika kule akatoroka akaingia msituni akapotea, mwisho wakamrudisha melini. Na yote hayo alikuwa anayaandika, lile daftari lake likaja kuchapwa kitabu mwaka 1911. Kurudi Hamburg hana kitu, akapata kazi kwenye banda la maonyesho la nyoka, anawabeba majoka kwa mikono yake. Baadae kajaribu kazi nyingi mno, karani, mtunza maktaba ya watu wakubwa, akafungua na duka la tumbaku Munich, likafa haraka. Mwaka 1909 hapo hapo Munich akaanza kusoma mashairi usiku kwenye baa moja iliyokuwa na jukwaa, ikiitwa Simplicissimus, ya mama mmoja Kathi Kobus, akawa ndo mshairi wa nyumba. Malipo yalikuwa kidogo kuliko kazi.

Nataka ulishike hili mwanangu, kabla hajawa mshairi wa kujulikana huyu kashakula chumvi ya bahari kwelikweli. Ndo mana ukimsoma hunusi karatasi. Na sie tunae wa kwetu wa namna hio, marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu aliyefariki 2021, mvuvi, baharia, tungo zake za *Kimbunga* zilitoka 1994 na wasomi wa vyuo vikuu wakaja kukaa mkekani kumsikiliza. Wageni wako wakikuuliza na nyinyi mnae nani, watajie huyo, usinyamaze.

*Maalim, mimi ni mwanafunzi Chake Chake. Naomba kujua Ringelnatz maana yake nini na je ni kweli aliandika na michezo ya kuigiza au ni mashairi tu? Nimepewa kazi ya skuli. Ahsante.*

Jina kajipa mwenyewe mwaka 1919, baada ya vita. Wakati wa vita vya kwanza alikuwa kwenye jeshi la majini, kwenye zile meli za kuopoa mabomu yaliyotegwa baharini, akapanda mpaka cheo cha luteni na akapewa meli yake ya kuiongoza. Vita vikaisha, hana kazi hana pesa, akaanza upya na jina jipya, Joachim Ringelnatz. Mwenyewe alikuwa akisema halina maana. Watu hawakukubali, wengine wakasema linatokana na jina la nyoka mmoja wa Ulaya anaependa maji, na kweli alikuwa mpenzi wa nyoka, hata kule jeshini alikuwa anawafuga. Wengine wakasema ni neno la mabaharia la yule farasi wa baharini, samaki mdogo mwenye kichwa kama cha farasi, wao wanaamini analeta bahati. Mie moyo wangu upo kwa farasi wa baharini, lakini kwenye kazi yako ya skuli andika zote mbili na useme kwamba mwenyewe alikataa.

Michezo ndio, aliandika. Unaojulikana zaidi ni *Die Flasche*, yaani Chupa, mchezo wa mabaharia, wa mwaka 1932, na yeye mwenyewe alipanda jukwaani kuigiza, wakauzungusha mji baada ya mji na kikundi cha waigizaji wa Nordhausen, halafu akaandika kitabu juu ya safari hio hio. Ila usimgawe vipande viwili, huku mshairi huku mtu wa tamthilia. Mashairi yake yenyewe yalikuwa mchezo. Tokea 1920 alipoalikwa Berlin kwenye ukumbi wa Schall und Rauch alikuwa anatoka mbele ya watu kavaa nguo za baharia, anayasema mashairi kama mtu aliyeshuka melini sasa hivi, na maisha yake yakawa treni na majukwaa, mji mmoja leo mwengine kesho. Na alikuwa anachora pia, picha za rangi, mwaka 1923 zilionyeshwa Berlin katika nyumba ya sanaa ya Flechtheim. Hilo liongeze, mwalimu atafurahi.

*Maalim samahani kama swali la kijinga. Huyu mtu ana uhusiano wowote na Zanzibar? Msomaji wa Mkunazini.*

Si la kijinga hata kidogo. Yeye hakufika, lakini bahari aliyokuwa akiitumikia ina khabari zetu. Wakati wa vita alikuwa Cuxhaven, mji wa bandari kule kaskazini, ambako siku hizi pana makumbusho yake. Ukipanda boti Cuxhaven unakwenda kisiwa cha Helgoland. Na Helgoland ndo ile ya mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, Waingereza wakawaachia Wajerumani kile kisiwa na Wajerumani nao wakakubali Unguja na Pemba ziwe chini ya Uingereza, wenye visiwa hawakuulizwa. Siku hio Ringelnatz alikuwa hajatimiza miaka saba.

Na kuhusu Hamburg ya wale sisimizi, huko ndiko alikokwenda kukaa na mumewe Mjerumani Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, baada ya kuolewa Aden akawa Emily Ruete, na kaandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani zikatoka 1886. Kwaiyo mtu wa Mtoni kaandika kwa lugha hio kabla Ringelnatz hajajua kushika kalamu. Kaburi la Salme lipo Hamburg.

*Maalim nakuheshimu lakini leo nna la kusema. Mwanangu yupo darasa la saba, kamuona huyo mshairi kwenye simu na sasa kila saa ni yeye. Nimeulizia nikaambiwa ni mlevi na mashairi yake yenyewe ni ya baharia mlevi. Kweli tuwape watoto wetu hayo? Mama, Kikwajuni.*

Mamaangu, una haki ya kuuliza na sitokuficha. Alikuwa anakunywa, na kwenye ule ukumbi glasi ilikuwa sehemu ya kazi. Na kitabu chake kilichompa jina, cha mwaka 1920, kinamuhusu baharia anaitwa Kuttel Daddeldu, huyu akishuka bandarini pesa zote zinamuishia njiani, mlevi, mgomvi, ahadi zake nyingi, lakini moyo wake laini kama tende. Mengine mie simpi mtoto wa darasa la saba. Hata Wajerumani wenyewe, mwaka 1924 alipotoa kitabu alichokiita cha michezo ya siri ya watoto polisi wa Berlin walitaka kiandikwe kuwa ni cha watu wazima. Kwaiyo kaa na mwanao, mchague pamoja. Sisimizi ndio. Kile cha stempu ndio, stempu ya kiume iliyolambwa na binti wa mfalme ikashikwa na mapenzi, ikataka kumbusu na yeye lakini ndo kwanza ishabandikwa kwenye barua, safari imeanza. Mtoto atacheka na wewe utacheka, halafu mtakaa kimya kidogo, kwa sababu kila nyumba hapa ina mtu aliyeondoka kabla hajasema alotaka kusema.

Ila mamaangu naomba na weye unisikilize. Pale bandarini Malindi wewe na mie tumewaona wanaume waliokuwa hivo, na tunajua nani katika wao alikuwa akija na mkate wa watoto hata kama yeye hana fulana. Ringelnatz aliwaandika hao bila kuwadharau. Kuwacheka na kuwapenda kwa pumzi moja, hio ni kazi ngumu, mie nimefundisha mashairi miaka mingi na wanafunzi wanaoweza kuliza watu nimewapata tele, wa kuchekesha bila kumvunjia mtu heshima hata vidole vya mkono mmoja hawajai.

Na tazama waliomuogopa ni nani. Mwaka 1933 Manazi walipochukua serikali wakampiga marufuku kupanda jukwaani. Dresden walimtoa jukwaani kabisa. Vitabu vyake vingi vikachukuliwa, vyengine vikachomwa moto, na picha zake zikapigwa marufuku. Mtu mfupi, kavaa nguo za baharia, anasema mashairi ya sisimizi na stempu, serikali yenye mizinga na majeshi inatuma watu kumshusha. Kazi yake ilikuwa kusafiri na kusoma, walipomkataza jukwaa walimkataza chakula. Akawa masikini, na kifua kikuu kilikuwa kishamuingia, marafiki wakachangishana apate kutibiwa. Tarehe 17 Novemba 1934 akafariki Berlin, nyumbani kwake, umri wake miaka 51. Mwambie mwanao na hilo, ana umri wa kulielewa.

*Maalim, mimi nafasiri fasiri kidogo hapa Wete. Nimejaribu mashairi yake mawili, maneno yote nimeyapata sawa sawa kwenye kamusi lakini nikimsomea mtu hacheki. Nakosea wapi?*

Hapa ndo pangu, nivumilie nikirefusha.

Kosa lako ni kamusi, kaka yangu. Umemfasiri kwa Kiswahili cha taarifa ya khabari na yeye kaandika kwa lugha ya watu wa gatini. Chukua sisimizi. Ukimwambia mtu wa Wete “walipofika Altona” hajui Altona ni wapi, kwake yaweza kuwa mbali kama Australia yenyewe, kwaiyo hakuna cha kucheka. Ile sehemu lazima iwe karibu mpaka msikilizaji aione kwa macho. Mie nlifanya hivi, mizani nane nane:

Wawili wa Darajani,
sisimizi wa sokoni,
wakasema: “Tusafiri,
Australia, tayari!”
Wafikapo Michenzani,
maumivu miguuni,
wakaona kwa akili
waache nusu ya pili.

Hio “nusu ya pili” nimekaa nayo siku nne. Mwanzo niliweka “safari iliobaki”, ni sahihi lakini imelala. Nusu ya pili inakufanya uamini kwa nukta moja kwamba ile ya kwanza walishaimaliza, na hapo ndo kicheko kilipo. Nilimsomea mjomba wangu barazani, mzee wa majahazi, safari hizi zake za Tanga na Mombasa kaziacha zamani, alikuwa anamenya chungwa kwa kisu, akasimamisha kisu, akanambia niseme tena. Nikasema tena. Hakucheka kwanza, akasema, “Mie nishawahi kuondoka Mkokotoni nimekusudia Tanga nikalala Tumbatu.” Na Tumbatu ukisimama Mkokotoni unaiona hio hapo, miti yake unaihesabu. Halafu ndo akacheka mpaka maganda yakamuanguka. Sasa weye wa Wete usichukue Darajani yangu. Tafuta mwanzo wako na Altona yako, waondoe bandarini Wete uwachoshe pale penye kilima, utapajua mwenyewe.

La pili ulilonitumia ni lile la mapenzi, anaposema nakupenda mno, ningekupa bila kufikiri kigae kimoja cha jiko langu. Umeandika “kigae cha jiko” na umeweka maelezo chini. Maelezo ya chini yanaua shairi la kuchekesha. Fikiri kigae hicho ni nini kwao. Nyumba zao zilikuwa na jiko kubwa la kuotea moto lililojengwa kwa vigae, baridi ya kule inaua, na jiko likitolewa kigae ni tundu, moshi ndani. Kwaiyo anatoa kitu kidogo, cha kipuuzi, hakina bei sokoni, lakini akikitoa nyumba yake inaharibika. Sasa jiulize mtu wa Pemba ana nini nyumbani cha namna hio. Nimefikiri sana na naona lipo, na lipo kwa kila mtu:

ningekupa bila ya kuwaza
figa moja la jikoni kwangu.

Mafiga ni matatu. Ukimpa mtu moja chungu hakikai, hupiki tena. Ni jiwe tu, ukilikuta njiani hulitazami mara mbili, na ndo maisha yako yote yanavyosimama. Mkimsomea bibi yeyote kijijini hio hatohitaji kamusi wala hatohitaji kuambiwa Ujerumani ni wapi, atacheka halafu atakutazama.

Na ukitaka kujua aliyeyaandika yale alikuwa mtu gani nyumbani, mkewe alikuwa Leonharda Pieper, mwalimu, mdogo kwake kwa miaka 15, walioana siku yake ya kuzaliwa, 7 Agosti 1920. Hakumuita Leonharda. Alimpa jina la jiwe, Muschelkalk, lile jiwe la chokaa lililoshikana na makombe ya baharini ya zama na zama. Sie watu wa visiwani jina kama hilo hatuna haja ya kulishangaa, Mji Mkongwe wote umesimama kwa mawe ya matumbawe na chokaa, tukipitisha mkono ukutani tunashika bahari. Miaka yote alipokuwa njiani na treni zake akimuandikia barua kwa jina hilo hilo. Kaburi la Ringelnatz lipo Berlin, kwenye makaburi ya msituni ya Heerstraße, na bamba walilomuwekea juu halikuchongwa kwa marumaru, ni Muschelkalk.